Chomoa uzi mmoja kwanza

Baba yangu alikuwa mfumaji katika kiwanda cha nguo cha Nyanza, hapa Jinja, Uganda, kile ambacho sote tulikiita Nytil. Akirudi kutoka zamu ya usiku, nywele zilikuwa zimejaa vumbi jeupe la pamba, na mama hakumruhusu kukaa kitini mpaka ajipanguse nje. Tuliishi Walukuba, kwenye nyumba za wafanyakazi. Mtaa ule ulikuwa na watu wa kila kabila: Wasoga, Wasamia, Wajaluo, Waacholi, Wanubi. Lugha iliyotukutanisha bombani na uani ilikuwa Kiswahili, na ndiyo maana naandika kwa Kiswahili hadi leo.

Mzee alikuwa na tabia moja. Kitambaa chochote kikiingia nyumbani, hata kama ni zawadi ya harusi, alikigeuza, akatafuta pindo, akachomoa uzi mmoja. Aliuvuta ukiwa mkavu mpaka ukatike. Kisha alichomoa wa pili, akaulowesha katikati kwa ulimi, akauvuta tena. Wa tatu aliuchoma kwa kiberiti juu ya sahani ya bati. Baada ya hapo alisema "pamba" au "si pamba", akakirudisha kitambaa kwa mama. Sisi watoto tulidhani ni mchezo wa wazee.

Nilikuja kumwelewa mwaka 2019, yeye akiwa amekwisha kufariki.

Wakati huo tulikuwa tumehamia nyumba yetu wenyewe, huku Bugembe. Nilikuwa na hamu ya nyumba inayong'aa, nikanunua kila kitu kwa mpigo: mapazia mazito ya satini, neti nyeupe za ndani zenye maua, kapeti la manyoya, na jozi nne za mashuka ambayo muuzaji aliniapia kuwa ni kotoni, yaani pamba. Watoto walianza kuamka usiku wamelowa jasho mgongoni. Mdogo akatoka vipele shingoni na kwenye mikunjo ya mikono. Nikalaumu joto, nikalaumu sabuni, nikabadilisha sabuni mara tatu.

Kisha usiku mmoja umeme ukakatika. Binti yangu, ambaye alikuwa na miaka sita, alikuwa anamalizia kazi ya shule mezani karibu na dirisha, na mimi ndiye niliyemwashia mshumaa. Upepo wa Ziwa Viktoria ukaingia, neti ikapeperuka ikapita juu ya mwali. Haikuwaka kama karatasi. Ilijikunja kama inayokimbia moto, ikayeyuka, ikaanza kudondosha matone. Matone mawili yalimwangukia juu ya kiganja na kuganda palepale, yakiwa bado ya moto. Nilimvuta mpaka kwenye pipa la maji ya mvua, nikamwagia mkono maji kwa kata, moja baada ya nyingine, kwa karibu dakika ishirini, huku mume wangu akivuta neti chini na kuikanyaga. Sikubandua kile kilichoganda. Nesi alituambia kesho yake kwamba hilo lilisaidia, kwa sababu ningebandua ngozi pamoja nacho. Mpaka leo ana kovu la ukubwa wa punje ya maharage.

Niseme kweli yote: pamba nayo huwaka, tena huwaka upesi. Pazia la pamba juu ya mshumaa ni hatari vilevile, na siku hizi nyumbani kwetu hakuna mshumaa, tunatumia taa ya sola. Lakini pamba haiyeyuki ikagandia ngozini mwa mtoto.

Usiku ule sikulala. Nilichukua shuka moja la ile "kotoni", nikageuza pindo, nikachomoa uzi kama alivyokuwa akifanya Mzee. Nilitumia sahani ileile ya bati, maana mama alinipa vyombo vyake. Uzi ukajikunja, ukatoa moshi mweusi wenye harufu kali ya kemikali, ukaacha kishanga cheusi kigumu ambacho nilipokibonyeza kwa ukucha hakikuvunjika. Nikachukua uzi kutoka kwenye leso ya zamani ya mama. Huo ulishika moto mara moja, mwali wa manjano, harufu ya karatasi inayoungua. Nilipouzima, ncha yake iliendelea kufuka kidogo, na jivu lilikuwa jepesi la kijivu, nikalipuliza likapotea. Nilirudia mara nyingi, nadhani kwa sababu nilitaka mashuka yale yabadilike yawe pamba. Hayakubadilika.

Kama utajaribu kwako, fanya nje, mbali na kitambaa chenyewe, uzi ukiwa umeshikwa kwa pini au kibanio, bakuli la maji pembeni. Kitambaa kilichochanganywa huacha jivu lenye chembe ngumu ndani yake. Lisugue kati ya vidole utazihisi. Sufu na hariri hunuka nywele zilizoungua. Na ile siri ya ulimi nilikuja kuielewa baadaye sana: uzi wa pamba ukilowa huzidi kuwa na nguvu, lakini ule wa viskosi, yaani uzi wa kiwandani unaotokana na mimea iliyoyeyushwa kwa kemikali, ambao nao huungua kama karatasi, hudhoofu ukilowa na hukatikia pale pale penye maji. Moto peke yake hauwezi kukuonyesha tofauti hiyo. Kumbe Mzee hakuwa anacheza.

Nilirudi dukani na shuka langu. Duka silitaji. Yule kijana alikuwa na adabu, akaniambia, "Mama, hiyo kotoni ni jina tu la aina, kila mtu anaiita hivyo." Sikugombana naye. Aliuziwa jina, naye akaniuzia jina. Ila niliumia, kwa sababu nimelelewa na mfumaji wa pamba, katika mji wa kiwanda cha pamba, na nilikuwa nimewalaza wanangu juu ya plastiki bila kujua.

Maana poliesta ni plastiki, ya jamii moja na chupa za soda, na asili yake ni mafuta ya petroli. Siidharau. Ina kazi zake, na ni rahisi kwa bei. Tatizo lake kitandani ni kwamba hainywi maji. Katika hewa ya kawaida, kilo moja ya pamba iliyokaushwa huvuta unyevu wa karibu gramu 85. Kilo moja ya poliesta huvuta gramu 4 hivi. Sisi tunaokaa kando ya ziwa, ambako usiku wa Machi hewa yenyewe ni nzito kama taulo lililolowa, tofauti hiyo tunaisikia mgongoni. Jasho la mtoto likikosa pa kwenda hubaki juu ya ngozi. Nilipobadilisha mashuka, vipele vya mdogo viliisha ndani ya wiki mbili hivi. Sisemi ni dawa ya kila kipele, nasema kilichotokea kwangu.

Kuna jambo jingine linalonikera zaidi kadiri miaka inavyokwenda. Kila unapofua nguo ya poliesta, vijinyuzi visivyoonekana hutoka na maji ya kufulia. Huku kwetu maji hayo humwagwa uani, yakafuata mtaro, mtaro ukafika ziwani. Watafiti waliopasua samaki wa Mwanza, upande wa pili wa ziwa letu, walikuta plastiki kwenye matumbo ya sangara na sato, karibu samaki mmoja kati ya watano. Utafiti ule ulichapishwa mwaka 2016. Sangara ndiye mputa wetu, sato ndiye ngege. Ndio hao tunaowanunua Masese asubuhi.

Basi nikaanza upya, polepole, kwa sababu sikuwa na pesa ya kubadilisha nyumba nzima. Nilijiwekea utaratibu mmoja: kinachogusa ngozi usiku kwanza. Mashuka, foronya, kisha taulo. Mapazia yasubiri. Kapeti lisubiri zaidi.

Nilipanda matatu mpaka Kampala, nikaingia Kiyembe, kwenye zile njia nyembamba zenye majora ya vitambaa kutoka sakafuni hadi darini. Nilikwenda na pini na kiberiti mfukoni. Muuza kitambaa wa kwanza alinifukuza. Wa pili, mama mmoja wa makamo, alicheka akasema, "Nyabo, wewe una baba fundi?" Nikamwambia mfumaji. Akanikatia mwenyewe ncha ya kila jora, tukatoka naye kibarazani tukachoma. Kati ya majora sita aliyoyaita pamba, manne yalikuwa pamba kweli, na yale mawili naye hakuyajua; aliyaweka kando mbele yangu. Nilinunua kwake merikani, mita kumi na mbili, na bado ndiye ninayenunua kwake.

Merikani naipenda kuliko vitambaa vyote. Ni pamba isiyopaushwa, rangi ya maziwa yaliyochemka, na vipunje vidogo vya ganda la mbegu unaviona hapa na pale kwenye ufumaji. Ukiinunua ni ngumu kwa sababu ya wanga, lakini baada ya kufuliwa mara kumi inalainika kama sikio la mbuzi. Jina lake lenyewe ni historia: katika karne ya 19 meli za Marekani zilileta kitambaa hicho Zanzibar, kikaenda bara na misafara, watu wakakiita kwa jina la kule kilikotoka. Huenda ndiyo sababu linanichekesha jina la "jinja". Shangazi yangu wa Kisumu, akitaka kitambaa cha kutarizi vile vitambaa vya makochi, huenda dukani akaomba "jinja", na mji wenyewe hajawahi kuufikiria. Merikani ilitoka Marekani, jinja ikatoka kwetu. Nilipomweleza alishangaa kwamba ametarizi jina la mji wetu miaka yote hiyo.

Kinachoniuma ni kwamba pamba tunayo. Mbegu za kilimo cha biashara zililetwa Uganda mwaka 1903, na kiwanda cha Jinja kilianza enzi zilezile za bwawa la Owen Falls, lililofunguliwa mwaka 1954. Mto uligeuzwa umeme, umeme ukazungusha vinu. Leo sehemu kubwa ya pamba ya wakulima wetu huchambuliwa, hufungwa marobota na kusafirishwa nje ikiwa ghafi, halafu sisi tunanunua nguo za poliesta zinazoingia kwa makontena. Mjomba wa mume wangu hulima pamba Lango, kaskazini mwa Uganda. Hupanda kwa mvua za katikati ya mwaka, huchuma kuanzia mwishoni mwa mwaka mpaka Januari. Shamba lake halimwagiliwi hata tone, linategemea mvua, na ndivyo ilivyo kwa wakulima wengi wa pamba nchini. Nalitaja hili kwa sababu watu husoma mtandaoni kwamba pamba inakausha dunia. Kweli, kuna mahali imefanya hivyo: Bahari ya Aral, kule Asia ya Kati, ilinywea kwa sababu mito yake iligeuzwa kumwagilia mashamba ya pamba. Kwa hiyo neno "pamba" peke yake halitoshi. Iulize imelimwa wapi, na kwa maji gani.

Dawa nazo. Pamba ina wadudu wengi na wakulima wengi duniani huinyunyizia sana. Lakini kule Lango, waliolima bila kemikali waliwatumia chungu weusi wadogo wanaoitwa nginingini, ambao huwinda mayai na viwavi wa wadudu waharibifu juu ya mmea wenyewe. Wakulima huwavutia kwa chakula ili waje shambani na wakae. Mjomba alinionyesha chungu hao wakipanda shina la pamba mmoja nyuma ya mwingine. Nilikaa nimechuchumaa hapo mpaka wakaniita kula.

Kuhusu mashuka ya "mianzi", ambayo sasa yanauzwa ghali Kampala kwa jina la kutunza mazingira: mengi ni viskosi. Mwanzi husagwa, huyeyushwa kwa kemikali, kisha huvutwa kuwa uzi, na mojawapo ya kemikali hizo, kaboni disulfaidi, huharibu mishipa ya fahamu ya wafanyakazi wasipokingwa. Yanalainika vizuri mkononi, sikatai. Ila picha ya jani la kijani kwenye pakiti hainitoshi.

Sasa lubugo, kitambaa cha gome la mti. Kwa miaka mingi nilikuwa naliona tu kwenye sherehe za Buganda, mpaka nilipokwenda Mpigi kumtazama fundi akilitengeneza. Ni gome la mti wa mutuba. Kazi hiyo kwa desturi ni ya ukoo wa Ngonge, yaani fisi-maji. Msimu wa mvua, fundi hukata mduara juu na chini ya shina, hupasua mstari kwa urefu, kisha huingiza kipande cha mgomba taratibu mpaka gome linavuka kama shati. Hapohapo hulifunika shina kwa majani ya migomba, hulifunga vizuri kama kidonda, na mti huota gome jipya. Mti mmoja huweza kuvuliwa mwaka hata mwaka kwa miaka arobaini hivi. Gome hulainishwa, kisha hupondwa chini ya kibanda kwa nyundo za mbao zenye mifereji, mikubwa kwanza, halafu midogo zaidi na zaidi. Mbele yangu lile gome lililokuwa na upana wa mikono yangu miwili lilitanuka mpaka likafunika ubao wote na kuning'inia pembeni. Likianikwa juani hugeuka rangi ya udongo mwekundu. Hakuna kitanda cha kufumia, hakuna uzi hata mmoja. UNESCO iliutambua ufundi huu mwaka 2005.

Nilinunua vipande viwili nikashona foronya za mito ya makochi. Mama mkwe wangu, Mganda wa Masaka, alipokuja alisimama mlangoni. Hakukaa. Akaniambia kwa upole, "Mwanangu, lubugo ndilo tunalowafunikia wafu wetu. Utanikalisha juu yake vipi?" Niliona aibu kubwa, nikapiga magoti nikaomba radhi, nikazitoa foronya kabla hajanywa chai. Tulizungumza baadaye, akasema ukutani halina ubaya, kwa kuwa pia ni vazi la wafalme. Basi sasa liko ukutani sebuleni, pana, bila fremu, na yeye ndiye aliyechagua mahali. Hata bila hilo, lubugo halifai panapolowa na halipendi kukunjwakunjwa. Si kitambaa cha kufua kila Jumamosi.

Kapeti la manyoya niliishia kumpa dada yangu aliyelitaka. Mahali pake nimetandika mikeka ya nsansa, yaani ukindu, iliyosukwa Masaka, na varandani kiwempe, mkeka wa mafunjo. Naifagia, naianika, basi. Wapo pia mafundi wa Mukono wanaofuma mazulia kwa nyuzi za migomba, ile migomba ambayo ikishakatwa ndizi huachwa ioze shambani. Nimeyagusa, mazuri mno, bei yake bado naikusanyia.

Usidharau mivumba, yaani mitumba. Mashuka yangu mawili bora kuliko yote nimeyatoa sokoni Amber Court, kwenye lundo, pamba nzito ya zamani iliyokwisha kufuliwa mara nyingi hata haipungui tena, na kitambaa cha meza cha kitani ambacho mwenye lundo alikiona kama gunia. Niliyachemsha kwenye sufuria kubwa, nikayaanika juani siku mbili. Hakuna kitambaa kilichogharimu ardhi maji mapya hapo.

Na kuna poliesta ambayo sitaiondoa. Vyandarua vyetu vyenye dawa vimefumwa kwa nyuzi za plastiki, na vitabaki juu ya kila kitanda. Malaria huku si ya kufanyia majaribio. Mashuka yale ya zamani pia sikuyatupa. Kuyatupa ni kuyapeleka kwenye lile lile dampo. Mawili yanafunika cherehani na magunia ya mahindi, na moja linatandikwa chini tunapomenya ndizi.

Kwa wanaoniuliza mara kwa mara kuhusu kushona mapazia ya pamba: loweka kwanza. Pamba hurudi. Kipande changu cha majaribio cha mita moja kilitoka majini kikiwa sentimita 93, na jirani yangu aliyeshona bila kuloweka ana mapazia yanayoning'inia juu ya kizingiti cha dirisha. Msimu wa mvua yaangalie nyuma, upande wa ukuta, maana pamba ikikosa hewa hushika ukungu. Yafungue mchana, yapigwe na upepo. Yatachujuka upande wa jua. Mimi nayageuza kila baada ya miezi sita.

Ya sebuleni ndiyo yaliyobaki. Mita kumi na nne zimelala kwenye beseni tangu asubuhi, maji yamegeuka rangi ya uji kwa wanga unaotoka. Nimeyabadilisha mara mbili. Binti yangu, ambaye sasa ni mkubwa kuniwezea kazi, ndiye atakayeshika upande wa pili tutakapoyakamua, na ameshaniuliza kama anaweza kuuchoma uzi yeye.